Je, Wajua? Ziwa Tanganyika katika vitabu vya wasafiri

Jiwe kubwa la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, limechorwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25-11-1871. Wageni wengi hudhani hapo ndipo walipokutana. Sivyo: walikutana Ujiji, kisha wakaja kaskazini kwa mtumbwi wakiambaa ufuko wa mashariki, ukiwemo mwambao wa Rumonge, ambao leo unasifika kwa mawese na samaki aina ya mukeke. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia, na wenyeji wa Uvira walikwisha kumwambia hivyo msafiri mwingine, Richard Burton, mwaka 1858.

Burton, aliyechapisha habari za safari yake mwaka 1860, alikuwa pia mshairi. Utenzi wake The Kasidah (1880) aliutoa kwa jina la kubuni. Stanley naye alitoa How I Found Livingstone mwaka 1872, na mwaka uliofuata riwaya ya vijana, My Kalulu. Jina la mhusika ni la mvulana mtumwa ambaye Stanley alipewa huko Unyanyembe. Kalulu halisi alizama katika mto Kongo mwaka 1877.