Mtoi Anakosa Mpira na Kumwaga Chai? Mcheki Macho Kabla Umuite Mzembe

Ukienda ocha Bomet, lazima kuna ka-cousin ama mtoi wa sista ambaye kila akimimina chai inaishia kwa meza. Anajikwaa kwa ngazi ile ile kila siku. Mpira ukirushwa anaudaka kama tayari umempita. Watu wanacheka, wanamuita mzembe. Zii, tulia kwanza. Huenda macho yake hayapimi umbali.

Iko hivi. Kila jicho linapiga picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo unaziunganisha, ndio ujue kikombe kiko mbali aje na mtaro una kina gani. Jicho moja likiwa na makengeza, ama likihitaji miwani kali kuliko lingine, picha zinakataa kushikana. Ubongo unachagua jicho moja, lingine linapuuzwa. Hilo ndilo jicho zembe. Kwa nje linaweza kukaa fiti kabisa, ndio maana wazazi wengi hawashtuki.

Saa inahesabu

David Hubel na Torsten Wiesel walipewa Tuzo ya Nobel 1981. Walikuwa wamefunga jicho moja la paka wachanga kwa muda, na walipolifungua, ubongo ulikuwa umezoea kuliruka. Sisi pia tuko hivyo. Matibabu hushika vizuri mtoi akiwa chini ya miaka 7. Akipita hapo bado apelekwe, kuna matineja wamesaidika, lakini wera inakuwa ngumu. So msingoje bonasi ya majani chai ya Oktoba ndio mumpeleke.

Matibabu ni gani?

Miwani huja kwanza. Kuna watoi ambao miwani peke yake, ikivaliwa kila siku, inaamsha lile jicho.

Ikikosa kutosha, jicho zuri linazibwa kwa kibandiko ndio zembe lilazimike kupiga kazi. Utafiti wa Marekani wa 2003 ulipata kuwa kwa jicho zembe la kiwango cha kati, masaa 2 kwa siku yalisaidia sawa na 6. Lakini daktari ndiye anapanga masaa, ju ukizidisha, hata lile zuri linaweza kudhoofika.

Mtoi akikataa kibandiko, na atakataa, kuna matone ya atropini. Yanafanya jicho zuri lione ukungu kwa muda. Yawekwe mbali na watoto, ni sumu yakinywewa.

Kuna pia upasuaji wa makengeza. Na hapana, jicho halitolewi nje kama venye watu husema. Daktari anarekebisha misuli inayolivuta. Upasuaji unanyoosha macho, lakini jicho zembe bado linaweza kuhitaji miwani na kibandiko.

Mazoezi ya macho husaidia sana wenye macho yao yanashindwa kukutana kwa kitu cha karibu, kama kitabu. Yasichukue nafasi ya miwani.

Ukweli ni kwamba uwezo wa kupima umbali unaweza kurudi wote, kiasi, ama usirudi. Hata usiporudi, mtoi hujifunza kutumia vivuli na ukubwa wa vitu. Msaidie: paka rangi kali kwa ukingo wa ngazi, mpe mpira wa rangi ya kung'aa, na mwambie mwalimu.

Mcheki aje, mpeleke wapi?

Ziba jicho moja kwa mkono ukicheza naye, kisha lingine. Akilia ama kusukuma mkono ukiziba upande mmoja tu, hiyo ni dalili. Ingine ni kuinamisha kichwa akiangalia TV, ama makengeza ambayo bado yapo baada ya miezi 4 ya kuzaliwa. Mboni ikitokea nyeupe kwa picha ya flashi, kimbia hosi siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ama saratani.

Bomet hamko mbali na msaada. Hospitali ya Tenwek iko na kitengo cha macho, na ya rufaa ya kaunti iko Longisa. Kesi ikizidi, kuna Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, na Lions pale Loresho, Nairobi.

Shida kubwa ni kufika. Kule Trans Nzoia, utafiti kwa shule 50 ulitoka 2018. Walimu walipima watoi kwa simu. Pale wazazi walipotumiwa ujumbe na kuonyeshwa picha ya venye mtoto wao anaona, 54% ya watoi waliofaa kwenda hospitali walifika. Kwa njia ya kawaida, 22% tu.

Ujumbe na picha zilibadilisha hivyo. Sasa wewe uko na simu na uko na namba ya mathe yake. Mpigie leo.