Akariri au Apande?

Kila Januari, matokeo ya upimaji wa darasa la nne yakishatoka, nyumba nyingi za Cheyo, hapa Tabora mjini, hubaki na swali moja: mtoto akariri au apande? Aliyefeli la nne utaratibu umeshamwamulia, anakariri. Ugumu upo kwa yule wa la tatu au la tano anayesuasua. Mama anaitwa shuleni, mwalimu wa darasa anamfungulia ripoti na kumwambia, "Mama, tumrudishe apate msingi."

Nia ni njema, lakini je, inasaidia? Watafiti walihangaika sana na swali hili, kwa sababu ukilinganisha waliokariri na waliopanda hupati jibu. Waliokariri walikuwa nyuma tangu awali: homa za mara kwa mara, utoro, macho yasiyoona ubao. Wakiendelea kufanya vibaya, utajuaje kama kosa ni la kukariri au ni la yale yaliyowakaririsha?

Jibu lilipatikana kwenye mstari wa kufaulu. Tuseme alama ya kupanda ni 50. Mtoto mwenye 49 na mwenye 50 hawana tofauti ya maana. Pengine mmoja alibahatisha swali moja tu. Hata hivyo mmoja anabaki na mwenzake anapanda. Ukiwakusanya wengi wa namna hiyo, wa huku na huku ya mstari, na kuwafuatilia kwa miaka, tofauti itakayojitokeza imeletwa na kukariri kwenyewe. Brian Jacob na Lars Lefgren walifanya hivyo Chicago, Marekani, ambako tangu 1996 mtoto alipandishwa kwa alama. Wa darasa la 3 walipata nafuu kidogo, tena wakiwa wamepewa na masomo ya likizo. Wa la 6 waliokariri hawakupata kitu. Wa la 8 waliacha shule zaidi ya wenzao waliopanda.

Hilo la mwisho linanitia hofu zaidi. Binti mkubwa anayeketi na watoto wadogo huona haya, na mkoa wetu bado unahangaika na ndoa za utotoni. Kumwongezea binti huyo mwaka kunaweza kumtoa shule kabisa.

Kuna habari njema, ya namna ya kumsaidia aliye nyuma bila kumkaririsha, kutoka magharibi mwa Kenya. Mwaka 2005 shule zilizoongezewa mwalimu ziligawa darasa la kwanza mikondo miwili. Baadhi ziligawa kwa uwezo, nyingine kwa kura. Pale walipogawanywa kwa uwezo, hata walio nyuma walisonga mbele zaidi, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale walipo.

Kwa hiyo anza kwa kujua mwanao yuko wapi. Wapimaji wa utafiti uitwao Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba nchini kuanzia 2010, walitumia karatasi tu: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya darasa la pili. Fanya hivyo jioni, bila fimbo. Akikwama kwenye maneno, anahitaji kufundishwa maneno kila siku, awe la tatu au la nne.

Kisha rudi kwa mwalimu umuulize: akikariri, nani atakaa naye, saa ngapi, na atamfundisha nini ambacho hakufundishwa mwaka jana? Akikuonyesha mpango, na mtoto bado mdogo, mimi ningekubali. Kama ni masomo yale yale kwa namna ile ile, ningemwacha apande na wenzake, nikatafuta wa kumsomesha jioni.