Ile Ngiii Ukishuka Nganya

Ukishuka nganya ya Rongai pale tao, ngoma imebaki ndani lakini masikio bado yanaimba. Unafika jobo, unakaa, na kuna ka-ngiii hakanyamazi. Miaka tatu nimekuwa msee wa siti ya nyuma, mgongo kwa wufa, na hiyo ngiii nilikuwa naona ni raha imenifuata.

Wasee, hizo ni seli zimechapwa.

Ndani kabisa ya sikio kuna kadude kamejikunja kama konokono, kanaitwa koklea. Kamejaa maji, na humo kumepangwa seli kama 15,000, kila moja na vinywele vyake kichwani. Besi ikidunda, maji yanatikisika, vinywele vinainama na kuinuka kama nyasi kwa upepo, na seli inatumia ubongo rada: ngoma ndio hiyo. Sauti ikizidi, vinywele vinapinda, vingine vinavunjika. Seli nayo inafanyishwa kazi hadi inajijaza sumu yake yenyewe, inadedi. Kuku akipoteza hizo seli, zinamea tena. Kuku! Sisi zikienda zimeenda, na hakuna beshte anaweza kukusambazia zake.

Asubuhi unaamka masikio yako kimya, unajiona uko fiti. Lakini waya zinazotoa sauti kwa seli kupeleka kwa ubongo zinaweza kuwa zilikatika jana na hujui.

Na besi haiendi kwanza. Zinaanza zile sauti nyembamba za juu, zile zinabeba "s" na "f". Mathe anakupigia, unaskia anabonga, lakini maneno yamefutika kingo.

Desibeli 85, sikio linavumilia masaa 8 kwa siku. Ongeza 3 tu, hayo masaa yanakatwa nusu. Ongeza 3 tena, nusu ya nusu. Ukifika 100 uko na dakika 15, na jam ya Lang'ata Road haijui dakika 15. Huna mashine ya kupima? Ukilazimika kupiga nduru ndio msee wa siti ya kando akuskie, tayari umevuka.

Sai mimi nakaa mbele na dere, na nabeba zile sponji za masikio za kemisti. Ngoma bado naiskia, na bado naipenda. Nganya ni sanaa yetu, sitaki izimwe. Nataka ipunguzwe.

Juu mimi nashuka. Donda hashuki. Juzi nilimuuliza mmoja fare ni ngapi, akanigeuzia sikio la kulia. Nikarudia. Mara ya tatu ndio akaskia. Ni kijana wa 24, anajua kucheza na mlango gari ikienda. Tukiwa kwa jam akaniambia usiku keja ikinyamaza hapati usingizi, so lazima aache redio ikiongea kando ya kitanda, ndio asiskie ile ngiii.