Mawe ya Mwanza hayakupandishwa mlimani

Anayeingia Mwanza kwa kivuko cha Kamanga hupokewa na mawe ya Bismarck, yamebebana juu ya maji ya Ziwa Victoria. Mjini, kuanzia Capri Point hadi Bugando na Mabatini, mambo ni yale yale: jiwe juu ya jiwe, mengine makubwa kuliko nyumba. Wengi huuliza nani aliyeyapandisha. Hakuna. Yalikuwepo, kilichoondoka ni udongo uliokuwa umeyazunguka.

Mawe haya ni matale, yaani graniti. Yalitokana na ujiuji wa moto uliopoa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ulipoa polepole, ndiyo maana chembe zake zilikua hadi zikaonekana kwa macho. Ni sehemu ya Kratoni ya Tanzania, kipande cha kale cha bara ambacho ndicho pia chenye dhahabu ya Geita.

Miamba ya juu ilipomomonyoka, mzigo ulipungua, matale yakatanuka na kupasuka, nyufa zikakatana. Maji ya mvua yakapenya humo, madini ya felspa yakageuka udongo wa mfinyanzi, ya kwatzi yakabaki mchanga. Pembe za kila kipande kilichokatwa na nyufa hushambuliwa na maji kutoka pande tatu, hivyo huoza kwanza. Katikati hubaki kiini kigumu cha mviringo, kama kokwa la embe lililooza. Mvua iliposomba uozo huo, viini vikatua kimoja juu ya kingine.

Ziwa ndilo lililokuja nyuma. Nchi ya magharibi iliinuka kandokando ya Bonde la Ufa, ikaizuia na kuigeuza mito kama Katonga na Kafu, maji yakatuama. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na miaka 400,000 tu, na kina chake hakizidi sana meta 80, wakati Tanganyika lina takriban meta 1,470. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita Victoria lilikauka, na mawe ya Bismarck yakasimama nchi kavu.

Mmomonyoko haujakoma. Kuchonga mteremko ili kupata kiwanja, kukata miti, au kupasua kokoto kwenye mawe ya chini ni kuuharakisha. Jiwe lililotulia maelfu ya miaka hutegemea egemeo lake. Egemeo hilo likiondolewa, msimu mmoja wa masika unatosha. Kabla ya kuchimba msingi mlimani, kagua jiwe lililo juu yako limekalia nini: mwamba au udongo.