"Yeye" mmoja, Kiingereza kina wawili

Je, msomaji, umewahi kumwita mama yako mzazi mwanamume? Usiharakishe kukana. Huenda umefanya hivyo mara nyingi, tena mbele ya watu, kwa kusema "he" pale ulipopaswa kusema "she".

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Nairobi, hatalisahau kosa hilo. Siku moja wanawe wawili, mvulana na msichana wanaosoma shule moja, hawakwenda darasani. Binti alikuwa mgonjwa, naye kaka yake akampeleka kliniki. Siku iliyofuata baba aliwaandikia walimu barua kwa Kimombo, akieleza kuwa mtoto alidungwa sindano na asishiriki michezo wiki hiyo. Mtoto yupi? Aliandika "he". Basi mvulana aliyekuwa buheri wa afya akapumzishwa kivulini, huku dadake akikimbizwa uwanjani hadi akaanguka. Baba alipofika shuleni akifoka, mwalimu alimwonyesha barua yake mwenyewe. Herufi moja tu, "s", ndiyo iliyokosekana.

Chanzo cha kosa hili si ujinga. Katika Kiswahili, na katika lugha za Kibantu ambazo wengi wetu tunazungumza nyumbani, "yeye" ni wa kiume na ni wa kike pia. Ukisema "anapika", hujabainisha kama ni Juma au Amina. Kiingereza hakikubali hivyo. Mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na kitu ni "it".

Mtego wa pili ni neno "wake". Sisi hulipatanisha na kile kinachomilikiwa: mume wake, kitabu chake, viatu vyake. Kiingereza humtazama mwenye mali. Kwa hivyo mume wa Amina ni "her husband", wala si "his husband", ingawa mume ni mwanamume. Mke wa Juma naye ni "his wife".

Mtego wa tatu umo katika kiambishi "a-". Kwa kuwa tunasema "Mama anapika", wengi huteleza na kusema "My mother she is cooking". Hapo mama ametajwa mara mbili. Chagua moja: "My mother is cooking" au "She is cooking". Wengine huanguka upande wa pili na kuandika "Is raining", kwa sababu "inanyesha" hujitosheleza. Kiingereza hutaka mtendaji atajwe, hata kama hakuna amjuaye: "It is raining".

Kisha herufi "s" hurudi tena. Katika mambo ya kawaida ya kila siku, "he", "she" na "it" hukivisha kitenzi herufi hiyo. Tunasema "I cook", "you cook" na "they cook", lakini "she cooks".

Na kama humjui unayemzungumzia ni mume au mke? Tumia "they". Mathalan, mtu akisahau mwavuli nyumbani kwako, sema "Someone has left their umbrella". Usidhani ni mtindo wa juzi. Waingereza wametumia "they" kwa mtu mmoja tangu karne ya 14.

Mzazi, huhitaji kulipa karo ya ziada ili kumsaidia mwanao. Baada ya chajio, toeni picha za jamaa. Kila mtoto aseme sentensi mbili kuhusu kila mtu: anafanya nini, na kitu chake ni kipi. Akikosea, msimcheke, mwambieni aseme tena. Na unapoandika barua ya shule au ya hospitali, taja jina la mtoto badala ya kutegemea "he" na "she".

Jirani yangu ameshika funzo hilo. Siku hizi kila barua yake ina jina, na haitoki nyumbani kabla yule binti hajaisoma.