Mlezi Naye Ahitaji Kulelewa

Askari apewapo amri ya kwenda kulinda mpaka, au kujiunga na wenzake nchini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kuwasili mwezi Machi 2007, huwaacha nyuma watoto wake. Asubuhi ifuatayo watoto hao huenda shule kama kawaida. Iwapo mmoja wao amekesha akimwaza baba, au amesikia uvumi mbaya kambini, mara nyingi mtu wa kwanza kuitambua huzuni yake huwa ni mwalimu. Leo twapenda kuwauliza ndugu zetu wanajeshi na polisi swali moja: mwalimu huyo naye akilemewa, ni nani atakayemtambua?

Ninyi mwalielewa swali hili kuliko raia wengi. Mwajua ya kuwa askari aliyewekwa lindoni usiku kucha, siku baada ya siku, bila kubadilishwa, si mlinzi tena, hata akiwa shujaa namna gani. Macho yake yako wazi, lakini akili imekwisha choka. Ndiyo sababu kukawekwa zamu na likizo, na ndiyo sababu mtu hatumwi doria peke yake. Mwalimu husimama mbele ya darasa peke yake. Jioni hubeba madaftari hadi nyumbani, akayasahihisha kwa mwanga wa taa, na kesho yake huanza upya.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na dhiki ya kazi ya muda mrefu isiyopatiwa nafuu. Alama zake ni tatu: mtu huishiwa nguvu, huichukia au kuikwepa kazi aliyokuwa akiipenda, na kazi yenyewe hupungua ubora. Mwalimu aliyekuwa akiwahi kabla ya kengele huanza kuchelewa. Aliyekuwa mcheshi huwa mkali kwa jambo dogo. Mwingine hukaa kimya katika chumba cha walimu, asiseme na mtu.

Mizigo hiyo haikuanza jana. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza nchini mwaka 1997, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka kama milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Lilikuwa jambo jema, kwani watoto wa maskini walipata kalamu. Lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo, na aliyezoea kuwajua watoto wake wote kwa majina akajikuta mbele ya umati.

Katika wilaya za kaskazini yaliongezeka mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Lord's Resistance Army waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakawateka wasichana 139. Naibu mwalimu mkuu, Sista Rachele Fassera, alifuata nyayo zao porini pamoja na mwalimu mwenzake, bila silaha mkononi. Alirudi na wasichana 109. Wengine 30 walibaki mikononi mwa waasi. Askari aliyewahi kurudi kutoka vitani bila wenziwe wote hahitaji kuelezwa uzito wa hesabu hiyo. La kutia moyo ni kwamba uchungu ule haukuachwa juu ya kichwa cha mtu mmoja. Wazazi waliungana wakaunda chama chao, nao wakaendelea kuwadai watoto wao pamoja na shule. Mzigo uliogawanywa ulibebeka.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa bila mshahara. Baadhi walifyatua matofali, wengine waliendesha bodaboda au kuuza mboga sokoni. Mwezi Juni 2022 walimu waligoma kwa sababu ya mishahara, baada ya serikali kuamua kuwaongezea walimu wa sayansi, ambapo mwenye shahada angelipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali wenzao waliofundisha masomo mengine wakibaki nyuma. Hatuandiki haya ili kuufufua ubishi huo. Twataka tu ikumbukwe kwamba moyo wa mtu hauwezi kutengwa na sufuria ya nyumbani kwake.

Wako watakaosema kwamba mwalimu anayechelewa ni mvivu, na anayekunywa ni mlevi tu. Twakubali kuwa wavivu wapo, kama walivyo katika kila kazi. Twakubali pia kwamba uchovu si ruhusa ya kumwumiza mtoto. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, na mwalimu anayeivunja hana budi kujibu. Lakini kiongozi mwema wa kikosi aonapo askari wake hodari ameharibika ghafla, huuliza kwanza kimempata nini. Twaomba mwalimu naye aulizwe hivyo kabla ya kuandikiwa barua ya onyo.

Mengi ya kusaidia hayahitaji fedha nyingi. Mwalimu mkuu aweza kutenga dakika chache kila wiki ili walimu wazungumze juu ya hali zao, si juu ya alama za mitihani pekee. Aweza kupanga ratiba ili aliyefiwa au aliyeugua ashikiwe darasa na mwenzake bila kunung'unikiwa. Kamati ya shule yaweza kuhakikisha nyumba ya mwalimu haivuji, na kwamba naye anapata chakula cha mchana. Hali ikizidi, kutafuta tiba si aibu. Hospitali kuu za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya maradhi hayo. Aliyekosa usingizi wiki nzima, au anayesema heri kufa, asiachwe peke yake; apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Nanyi, ndugu zetu mnaovaa sare, mnayo sehemu yenu. Mkipata uhamisho au safari ya kikazi, mwambieni mwalimu ya kuwa mtoto atabaki na mama peke yake. Mkirudi, nendeni mkamwone na kumshukuru. Mkiwa na malalamiko, yapelekeni kwa utaratibu mbele ya mwalimu mkuu. Msiingie darasani kwa vishindo, kwani mwalimu aliyefedheheshwa mbele ya watoto hupoteza kile alichohitaji ili kuwafundisha. Na yule miongoni mwenu aliyewahi kuamka usiku akitetemeka kwa mambo aliyoyaona vitani, akasaidiwa na mwenziwe, asione haya kumwambia mwalimu kwamba yapo maisha baada ya usiku ule. Neno la mtu aliyepita njia hiyo huaminiwa upesi.

Askari hulinda mpaka akijua nyumbani kuna anayemlindia mtoto. Basi mlinzi huyo wa nyumbani naye abadilishwe zamu, apewe maji, na aulizwe habari za usiku.