Makande Huanzia Udongoni

Wajukuu zangu wa Bombo, sogeeni. Leo siwasimulii habari za sungura wala fisi. Nawasimulia habari za makande, chakula chetu Wapare cha mahindi na maharage.

Nendeni bustani ya shule, mtafute mche wa maharage uliokaribia kutoa maua. Uchimbueni taratibu, msiung'oe kwa nguvu, mizizi itakatika. Mtaona vinundu vidogo mizizini. Pasueni kimoja kwa ukucha; kikiwa chekunduchekundu ndani, kiko kazini. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mahindi hayawezi kazi hiyo, ingawa naitrojeni huitaka sana. Basi mabaki ya maharage yakifukiwa, mahindi ya msimu ujao hunufaika. Bibi zenu hawakuchanganya mbegu hizo shambani kwa kubahatisha.

Sasa twende chunguni. Protini inayojenga misuli yenu ni kama shanga zilizotungwa: aina moja ikipungua, utunzi unakwama. Mahindi yamepungukiwa shanga iitwayo lisini, maharage yanayo tele. Maharage nayo yamepungukiwa methionini, mahindi yanayo. Yakikutana kwenye sahani, kila moja linajaza pengo la mwenzake.

Hata hivyo makande pekee hayatoshi. Pembeni pandeni mchicha na mnavu, mboga zenye madini ya chuma yanayohitajika kutengeneza damu. Chuma cha mboga hakiingii mwilini kwa urahisi. Kamulieni ndimu, kitaingia vizuri zaidi. Chai isubiri, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho. Na mboga zisichemshwe mpaka ziwe rojorojo, maana vitamini C, inayosaidia chuma kuingia, hupotea.

Kiangazi kikifika, waulizeni wazee habari za ndiva, mabwawa waliyochimba mababu wa Upare kukusanya maji ya vijito usiku, mchana yakafunguliwa mashambani kwa zamu. Mnaweza kugawana maji ya bustani hivyohivyo.

Bustani ya shule si wazo geni: mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Kwingine likageuzwa adhabu: mchelewaji anapewa tuta alime. Hilo linaniuma, maana mtoto aliyelimishwa kwa adhabu hatapenda kuchungulia mizizi.

Walimu, tafadhali tafuteni adhabu nyingine. Nanyi watoto, ombeni tuta moja, pandeni mahindi na maharage pamoja, na mkivuna, makande yapikwe hapohapo shuleni, mle nyote.